Swichi Aliyoibonyeza Musyoka

Mtaa wa Tena, Nairobi
Jumapili alasiri

Kwa Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na kila anayelala chini ya paa lako. Goti lako linaendeleaje? Mjomba Kilonzo alituambia kwamba sasa unatembea mpaka mtoni bila fimbo, lakini Mjomba ni dereva wa lori, na huwa anasema kila kitu ni kizuri ili aondoke upesi. Niambie mwenyewe. Mbaazi zimetoa maua? Huku mvua inanyesha alfajiri na kutuachia matope mlangoni. Mimi ni mzima. Kazi ya kupiga chapa inaendelea, isipokuwa vidole vinaniuma kukiwa na baridi. Mama Mwikali ni mzima. Mwikali, mwenye jina lako, amerefuka hata gauni la Krismasi limekuwa blauzi.

Ndinda, wewe unayemsomea Mama, soma polepole na usiruke mahali. Najua huwa unaruka.

Mama, ujumbe wako kwa Mjomba ulifika. Alisimama mlangoni huku lori likiunguruma barabarani, akasema, "Dada yangu amesikia mnataka kutupa televisheni ya marehemu. Amesema isitupwe, niibebe niipeleke nyumbani. Na amesema sasa ameelewa, mke wa mwanawe amechoka na vitu vya mumewe." Aliyasema hayo mbele ya Mama Mwikali mwenyewe. Naye akamjibu, "Karibu chai, Mjomba," akaingia jikoni na hakutoka tena mpaka lori lilipoondoka. Mimi ndiye niliyemwambia Mjomba apitie safari nyingine, kwamba nitakuandikia kwanza. Uliuliza kwa nini hatuamui, tuitengeneze au tununue nyingine. Nataka ujue kilichokuwa ndani ya nyumba hii, kisha useme utakalosema.

Unajua kwamba kaka Musyoka aligongwa na gari akivuka barabara kubwa, na kwamba ilikuwa Jumapili. Nafikiri hukuambiwa zaidi ya hapo. Alikuwa akitazama mpira. Stima ikapotea. Akasonya, akasema, "Wameanza tena hawa," akavaa ndala akatoka kwenda kwenye duka la ng'ambo, kwa sababu mwenye duka ana redio ya betri na alitaka kusikia mpira unavyoisha. Hakuizima televisheni. Nani huzima kitu ambacho kimekwisha kuzimika?

Mimi na mkewe tulikuwa jikoni. Nilikuwa nachagua dengu, yeye anachemsha chai. Stima ikarudi, na sebuleni umati wa uwanjani ukaanza kupiga kelele. Mama Mwikali akaita, "Baba Mwikali! Nani amefunga?" Hakujibiwa. Akacheka, akaniambia, "Kaka yako akiona mpira huwa kiziwi." Akamimina chai, akatia sukari nyingi unavyojua kaka alivyoipenda, akaenda nayo. Nilimsikia akisema njiani, "Shika, ni moto." Alikuta kiti kitupu. Aliniambia baadaye kwamba alidhani ameenda chooni, kwa hivyo aliweka kikombe kwenye stuli, akasimama kutazama mpira kwa niaba yake, ili akirudi amweleze. Alikuwa bado amesimama hapo Baba Akinyi, jirani yetu anayefanya kazi kanjo, baraza la jiji, alipobisha hodi akiwa ameshika ndala moja.

Jioni ile nyumba ilijaa watu. Mtu mmoja akanyoosha mkono kuzima televisheni, na Mama Mwikali akasema, "Usiguse hapo. Zima ukutani."

Swichi yenyewe iko mbele, chini ya kioo. Ni kidude cha mraba. Ukikibonyeza kinaingia na televisheni inawaka, ukikibonyeza tena kinatoka nje na televisheni inazimika. Tangu siku hiyo kilibaki ndani, vile kidole cha Musyoka kilivyokiacha. Mama Mwikali alipangusa televisheni kila asubuhi, na kitambaa kilipofika pale kilizunguka. Wageni walifundishwa. Hata Mwikali akawa mlinzi: "Ukutani! Zima ukutani!" Na stima ilipopotea hakuna aliyezima hata huko ukutani, kwa hivyo ilipokuwa ikirudi, televisheni iliwaka yenyewe na kuanza kusema. Na unaijua stima ya mtaa wetu, haimalizi siku mbili bila kupotea.

Mama, mimi nimesoma. Umeme ninaujua, niliufanyia mtihani nikafaulu. Lakini kila stima iliporudi na ile sauti ikaanza katikati ya neno, mgongo wangu ulikuwa ukinyooka wenyewe. Kwa sababu ndivyo kaka alivyoingia nyumbani, unakumbuka? Alikuwa anaanza kusema akiwa bado nje, maneno yanaingia kwanza, yeye anafuata. Mimi na Mama Mwikali hatukutazamana. Tulingoja tu, kila mmoja na kazi yake mkononi, mpaka ikawa wazi kwamba ni mtu wa habari, au mhubiri, au tangazo la sabuni.

Kisha Mama Mwikali alikuwa akiinuka na kuchemsha chai. Mara za kwanza nilidhani ni yangu. Aliimimina katika kikombe kile kile, akatia sukari ile ile, akaiweka kwenye stuli kando ya kiti ambacho hakuna aliyekikalia tena. Baadaye kikombe nilikikuta kimeoshwa. Sikumuuliza, naye hakunieleza. Tumeishi hivyo tangu mazishi.

Ndipo televisheni ikaanza kuharibika. Picha ilijikunja juu na chini, kidogo kidogo, watu wakawa wafupi, wakawa wanene, mpaka kukabaki mstari mmoja mweupe katikati ya kioo kama uzi uliovutwa. Sauti haikuharibika. Watoto wa majirani, ambao huja Jumapili, hawakuacha kuja. Walikaa sakafuni mbele ya ule mstari na kubishana.

"Huyo ni farasi!"

"Farasi gani? Hiyo ni pikipiki, sikiza."

"Nyamazeni, mnatufunikia sauti!"

Mama Akinyi alipokuja kuwachukua wake alisimama akashika kiuno. "Mama Mwikali, hiyo si televisheni. Hiyo ni redio imemeza uzi. Nunua kolaa, ya rangi, wewe! Hata sisi wa kanjo tuko na kolaa."

Mama Mwikali alicheka na wengine. Nami, Mama, niliona Mama Akinyi amesema kweli. Tukila nilimwambia, "Hii imezeeka. Tununue nyingine." Akauliza, "Na hii itaenda wapi?" Nadhani hayo ndiyo mazungumzo yaliyokufikia huko, yakiwa yameongezwa chumvi njiani.

Jumamosi iliyofuata akaja fundi, kijana wa maneno mengi, mtaani wanamwita Waya. Kabla hajaweka mfuko chini alinyoosha kidole kwenye swichi. Mama Mwikali akamshika mkono.

"Mama, pole, lakini siwezi fungua kitu ikiwa on."

"Chomoa ukutani."

"Sasa hii swichi ni ya maonyesho?"

"Chomoa ukutani, kijana wangu."

Akachomoa. Akafungua mgongo, akachungulia humo na tochi, akapiga mluzi. Alianza kwa kutaka kutuuzia televisheni ya rangi iliyotumika, ati ana rafiki Eastleigh. Alipoona hatumsikilizi ndipo akasema la kweli. "Mnaiachanga hivi, siku zote? Stima ikipotea na ikirudi? Ndio maana. Stima ikirudi hurudi na nguvu, na hii inapokea yote kifuani. Hii haikuzeeka, siste. Mmeichoma." Akasema kinachotakiwa kinapatikana, lakini akitengeneza lazima tuwe tunaizima kwa mbele kila stima inapopotea. "La sivyo itaungua tena, na mimi msiniite."

Hapo ndipo tulipokwama, Mama. Tukiitengeneza, swichi itabonyezwa. Tukitaka isibonyezwe, tununue nyingine na hii iondoke sebuleni, iwe imekufa. Waya alisema atapita tena Jumamosi. Mama Mwikali akaendelea kupangusa na kuzunguka.

Katikati ya wiki nilikuwa naanika nguo Mama Akinyi aliponiita. Nilitabasamu nikidhani ni mzaha mwingine.

"Mwende, kuja hapa. Leo stima ikipotea, watoto walikuwa kwangu. Wakaanza kulia. Huyu wenu akawaambia wasilie, ati stima ikirudi baba yake anarudi. Akakaa kwa mlango akangoja. Ikarudi, akakimbia kwenu bila viatu." Akanishika mkono. "Mimi napenda kucheka, unanijua. Hiyo sikucheka."

Nilimkuta Mama Mwikali akiosha mchele, nikamweleza. Mikono yake ilibaki ndani ya maji.

"Alisema hurudi?"

"Alisema hivyo."

Akamwita mtoto, akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwikali, baba akirudi hufanya nini?"

Mwikali akashangaa kuulizwa jambo ambalo sote tunalijua. "Hunywa chai," akasema. "Halafu huenda. Si huwa unaosha kikombe?"

Ndinda, hapa pumzika kidogo kabla ya kuendelea kumsomea Mama.

Mama Mwikali alikaa chini, palepale kwenye saruji ya jikoni, beseni la mchele mapajani. Hakulia. Alimwangalia mtoto kama mtu anayesoma kitu alichokiandika yeye mwenyewe na hakumbuki kukiandika.

Waya alipokuja Jumamosi stima ilikuwepo, na ule uzi mweupe ulikuwa kwenye kioo, mwanamume akisoma habari za mahindi. Mama Mwikali akafuta mikono kwa leso. Akaniambia, "Wewe ni damu yake. Kama unataka uwe wewe wa kubonyeza, nenda."

Nilitaka, Mama. Nilisimama mbele yake na mkono wangu haukuinuka. Basi akapita kando yangu, akainama, akabonyeza. Ilikuwa sauti ndogo, kama kifuniko cha kalamu. Uzi ukajivuta kutoka pande zote mbili ukawa nukta. Nukta ilikaa. Ilikaa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha sikuweza kusema kama bado naiona au la. Waya aliweka mfuko wake chini polepole. Baadaye akasema, "Poleni," akaanza kufungua skrubu.

Mchana picha ilirudi, watu na vichwa vyao. Waya akaipigapiga kama ng'ombe. "Sasa hii itaishi kuliko sisi!" Kisha akatutazama, akakusanya vyombo vyake haraka.

Hiyo ilikuwa jana. Leo tuliporudi kutoka kanisani stima ikapotea. Mama Mwikali akaizima mbele, swichi ikatoka nje, akaingia jikoni. Mwikali akaenda kukaa mlangoni. Nilimwona na sikumwondoa.

Iliporudi, balbu iliwaka, na redio za majirani zote zikapiga kelele pamoja kupitia kuta. Kwetu kimya. Mwikali aliinuka, akatazama televisheni, akatazama kiti.

"Baba hajaingia," akasema.

Mama Mwikali alikuwa ametokea mlango wa jikoni na kikombe mkononi. Nafikiri mikono yake ilikuwa imetengeneza ile chai bila kumuuliza. Alisimama. Nilisikia kijiko kikigonga kikombe.

"Baba hatakuja, Mwikali," akasema. "Baba tulimlaza nyumbani, kwa nyanya mwenye jina lako. Nyanya ndiye anayekaa naye. Hii chai ni yangu."

Akaketi kwenye kiti cha Musyoka. Yeye, Mama, ambaye unajua tangu alipoolewa hanywi chai yenye sukari, alikunywa ile chai yote, polepole, mpaka sukari iliyobaki chini. Kisha akampa mtoto kikombe akione. Mwikali akachungulia ndani. Halafu akaniangalia mimi, si mama yake, kana kwamba mimi ndiye niliyemdanganya.

Sasa ameenda kwa kina Akinyi kutazama kolaa. Mama yake amelala. Ninakuandikia nikiwa sebuleni, na televisheni imezimwa mbele yangu. Katika kioo chake naona dirisha, naona kiti, najiona mimi. Stima imepotea na kurudi tena tangu nilipoanza barua hii. Kila mara masikio yangu hungoja lile neno linaloanzia katikati. Sijui yatangoja mpaka lini, na sitamwambia Mama Mwikali, kwa hivyo usimwambie.

Basi jibu ni hili: tumeitengeneza na itakaa hapa. Mjomba asiijie na lori. Na lile neno ulilomtuma Mjomba, kwamba mke wa mwanao amechoka na vitu vyake, nakuomba ulirudishe wewe mwenyewe, kwa barua, Ndinda aiandike. Usimtume mtu alibebe mdomoni. Anwani ni ile ile.

Nisalimie Baba Mdogo, katekista wetu, na umwambie miwani yake iko tayari. Nisalimie Shangazi wa dukani, na mama mkwe wa Musyoka ukimwona sokoni. Mshike mkono sana. Ndinda, asante kwa kusoma. Ukifika mahali pa kikombe na Mama akanyamaza, mwache anyamaze.

Nimebaki binti yako anayekuwaza kila siku,

Mwende