Hotpoti ya Baba Inarudi Tupu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepewa cheo — mpishi mkuu wa nyumba! Mama yuko kwa bibi anamuuguza, na Baba sukari imempanda. Kumi na nne asubuhi, kabla hajatia kitu tumboni. Nesi wa kliniki kammulika machoni. Kisha akasema sukari isiposhuka macho yatazidi kuingia ukungu, na kinyozi asiyeona aweke wembe chini. Baba ananyoa watu tangu sijazaliwa. Hajui kazi nyingine.

Akatuandikia: dengu, maharage, mboga za majani, mchele usiokobolewa, tena kidogo. Nyama aipumzishe. Soda kwaheri. Vidonge asiache hata siku moja. Nikamwambia, sista, niachie mimi. Akauliza nimesoma mpaka wapi. Mpaka pale mwalimu alipochoka! Kacheka mpaka kalamu ikamdondoka.

Jumatano, 5 Machi

Napika alfajiri, naenda kuosha magari, saa sita mchana napeleka hotpoti saluni. Baba ananipokea mlangoni. Weka hapo mwanangu, kuna wateja. Jioni hotpoti inarudi tupu — imerambwa! Wenzangu wananiita mama wa nyumbani. Waseme. Maharage yangu nani anayaweza? Nimemwahidi Baba, mwezi huu haujaisha namshushia sukari mpaka saba.

Jumapili, 9 Machi

Kumi na tano. Imepanda!

Nimepima vidole viwili, nimegombana na mashine ya kupimia sukari. Vidonge nimevihesabu, anameza. Nikapunguza mafuta, nikapunguza mchele, mboga nikajaza. Nesi kaniuliza kwenye simu, kwani wewe unampikia nini? Mimi! Naulizwa kama mwizi wa kuku.

Baba anasema labda ndiyo mwili wake. Kanipiga bega. Pole mwanangu, unajitahidi.

Jumatano, 12 Machi

Bonge kapita tunapooshea magari. Rafiki yangu tangu darasa la kwanza, ananyoa kiti cha pili pale kwa Baba — kazi nilimwombea mimi. Mkanda kautoboa tundu jipya kwa msumari. Eti niite Mwembamba sasa! Nikamwambia hata ukonde vipi, kichwa kitabaki kile kile. Tukacheka sana. Akaondoka, halafu akageuka: dengu za jana ulizidisha limau, dogo, punguza.

Nikampungia mkono. Sawa, bosi!

Nimemaliza kuosha gari zima ndipo ikaniingia. Dengu za jana kazionjea wapi?

Alhamisi, 13 Machi

Kumi na sita. Baba kaishika mashine mbali, kaileta karibu, kisha kaniuliza inasema ngapi.

Nikamwuliza chakula cha mchana kinashuka? Kitamu mwanangu, sibakizi hata punje. Usoni kabisa ananitazama, hata hapepesi!

Sijalala vizuri. Mimi wa kudanganywa? Mimi ndiye huwa nadanganya watu!

Kesho hotpoti atapeleka mwenzangu wa kazini. Mimi nafuata nyuma.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika hapa hapa saluni, kwenye benchi ya wateja, daftari gotini. Mwandiko huu hata mimi sitausoma.

Nimesimama mlangoni nikaona yote kwenye kioo. Bonge anakula kwenye hotpoti yangu, kwa kijiko changu. Baba ana chipsi, ana paja la kuku linachuruzika mafuta, na soda kaiweka katikati ya vitana. Wamezoea. Hata hawaharakishi.

Baba akainua kichwa. Tukatazamana kwenye kioo. Akatabasamu. Karibu bosi, kaa hapo, nanawa mikono tu.

Bosi!

Nikajua ananitania. Nikangoja acheke. Hakucheka. Labda mwanga wa mlangoni, nikasema. Nikaingia, nikakaa chini ya taa. Hatua tano. Akanitazama tena, tabasamu lile lile — lile la wateja.

Bonge kijiko kimemganda mdomoni. Nikamwonyesha kidole: nyamaza.

Baba anaendelea naye kama hakuna mtu. Mpishi wetu leo katuma mjumbe, anasema. Kula umalize, ikibaki atavunjika moyo. Mwache apike, inampa raha. Bonge akapaliwa. Baba akampiga mgongoni — kunywa maji wewe, dengu zenyewe hazikimbii!

Inampa raha. Alfajiri zote zile.

Nilikuja na maneno yangu, nimeyanoa njia nzima. Moja la Baba, kumi ya Bonge. Sasa yamekwenda wapi? Naangalia mikono ya Baba tu. Anapapasa rafu. Anatafuta wembe. Kashika kitana, kakirudisha. Kashika brashi. Wembe uko pale pale mbele yake, unang'aa!

Bonge kasimama. Mzee, huyu nitamnyoa mimi. Baba hataki. Wewe kula. Mteja mgeni namnyoa mwenyewe, ndiyo anarudi.

Kaupata. Anafuta kiti kwa taulo, anakung'uta shuka, anageukia benchi. Haya kijana, zamu yako. Tunakata mtindo gani?

Bonge ananitazama mimi. Baba anatazama pembeni yangu kidogo, anangoja.

Nikifungua mdomo tu, atanijua kwa sauti, na atajua kwamba macho yake hayakunijua.