Simu Tuliyoingoja

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe na shemeji, na huyo mwanangu mdogo ambaye sijawahi kumbeba. Natumaini baridi ya huko imepungua na mgongo wako umetulia, maana kuinua wagonjwa kutwa nzima si mchezo. Sisi huku tunaamka, tunafungua kibanda chetu cha ushonaji, jioni tunafunga. Mama kwa mwili hajambo. Anakula, anacheka, na kunigombeza hajaacha.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati sasa tuna simu ya kuonana uso kwa uso. Simu ipo, Dada, lakini Mama haachani nayo. Hata akinywa chai ameiweka mapajani, kwa hiyo hakuna neno ninaloweza kukwambia asilisikie. Ndiyo maana nimeandika, nikamwomba mwenzako wa kazini aliyekuja likizo akuletee mkononi. Tafadhali isome ukiwa peke yako, tena umekaa.

Mengi nilikuwa nakueleza nusunusu, kwa hiyo acha nianzie mbali kidogo. Mwaka jana Mama alianza kunipa sindano nimtungie uzi. Alisema sindano za siku hizi zinatobolewa ovyo, tundu halionekani. Nikacheka, nikamtungia. Baadaye akamshonea yule mwalimu mwenye maneno mengi gauni jeusi kwa uzi wa buluu. Mwalimu alipolalamika, Mama akamwambia hiyo ndiyo mitindo ya sasa, kama hataki aliache. Mwalimu akalichukua, na asante juu! Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Lakini mteja alipoondoka nilimwona Mama akizibeba nyuzi zake mpaka mlangoni kwenye mwanga, akizigeuza moja moja karibu na pua.

Nikampeleka kwa daktari wa macho. Nilikwambia daktari amesema ni presha ya macho, na kwamba amempa matone. Hilo ni kweli. Ulilia siku ile, ukasema Mama hajamwona mjukuu wake hata mara moja, ila kwenye ile picha ya uchanga uliyoituma ndani ya bahasha. Wiki haikuisha ukatuma fedha za simu ya maana, ukasisitiza nisichelewe.

Nikaenda dukani siku hiyohiyo. Muuza simu wetu, huyu tunayemwita Profesa kwa sababu ya miwani yake, alinitolea simu nzuri tu. Niliishika, nikajiona uso mzima kwenye kioo. Nilikuwa nimeshafungua mkoba. Ndipo Profesa, kwa nia njema kabisa, akaniambia nikivuta subira kidogo toleo jipya liko njiani, lina kioo kipana zaidi na kamera ya kuhesabu kope za mtu. Akasema nikinunua hii leo, mwezi ujao nitaiona kama kopo. Nikafunga mkoba.

Nilipokupa habari, ulisema nichukue hiyohiyo iliyopo, Mama hajui toleo wala nini. Mimi nikabishana nawe. Nikasema mtu mwenye macho dhaifu anahitaji kioo kikubwa, na mwezi mmoja si kitu. Ukakubali shingo upande. Mama naye akasema tusigombane kwa ajili yake, amengoja miaka mitano, mwezi mmoja ni kufumba na kufumbua.

Mwezi ukaisha, simu haikuja. Profesa akasema tarehe imesogezwa. Nikangoja tena. Kila nikipita ni wiki ijayo, wiki ijayo, mpaka nikaona aibu kuuliza. Huku nyumbani Mama akawa anagonga bega kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe. Akaacha kukata vitambaa, akadai mkono unamchoka. Asubuhi moja nilimkuta uani anaanika nguo ambazo hazijafuliwa. Alikuwa amekosea beseni. Alizipanga kwenye kamba vizuri, akazinyoosha pindo. Alipoingia ndani nilizianua, nikazifua, nikazianika upya.

Simu ilifika mwezi wa tano. Ile Jumapili tulipokupigia unaikumbuka kuliko mimi. Mama alivaa gauni lake la zambarau, nikamfunga kilemba, nikamketisha karibu na dirisha. Simu niliiegemeza kwenye cherehani. Ulipotokea ulipiga kelele, ukalia, ukamsogeza mtoto mbele. Mama akasema, "Jamani, amekua! Mashavu hayo! Na macho, si ya babu yake hayo?" Ukajibu kwamba hata wewe unasema hivyo kila siku. Mtoto akanyanyua kitu, akauliza, "Bibi, nzuri?" Mama akasema, "Nzuri sana, mjukuu wangu, imekupendeza." Ulicheka, kwa sababu mtoto alikuwa ameshika mchoro, si nguo. Ulisema Bibi anapenda utani. Shemeji akapunga mkono, na Mama naye akapunga. Kesho yake uliniambia umelala usingizi ambao hujaupata tangu uondoke nyumbani.

Dada, Mama hakuona kitu.

Alipunga mkono kwa sababu nilimgusa goti. Tulipatana hivyo kabla hatujapiga. Wiki mbili kabla ya simu kufika aliniita asubuhi, amekaa kitandani, akaniuliza kama kumekucha. Jua lilikuwa limemwangaza usoni. Nilipomjibu kwamba kumekucha, akasema, "Dada yako asijue. Yuko mbali, ataifanyia nini habari hiyo? Mwache ajue nimemwona mtoto wake." Mimi nikaitikia.

Mlipokata simu, aliniomba nimweleze. Nikamwambia mtoto ana nywele zilizogawanywa mafungu mawili, ana pengo mbele, ana alama nyeusi karibu na sikio kama yako. Akauliza kama wewe umekonda. Nikasema hapana. Umekonda, Dada. Akauliza tena mtoto amevaa nini, anacheka vipi, anashikaje penseli, mpaka niliyoyaona yakaniishia nikaanza kubuni.

Hayo ni ya Mama. Sasa nakuja kwa yangu.

Siku ile kwa daktari, Mama alipotangulia nje, daktari alinishika kiwiko. Alisema ugonjwa umekwenda mbali, matone yatachelewesha tu, na macho yakiondoka hayarudi. Akaniambia kama kuna mtu Mama anatamani kumwona, asingoje. Sikukwambia. Sikumwambia Mama. Nilienda dukani nikiwa na maneno hayo masikioni, na bado nikafunga mkoba.

Tena maneno ya kioo kipana yalikuwa kisingizio. Yule fundi wa ng'ambo ya barabara alikuwa anapiga picha magauni yake na kuyatangaza kwenye simu, wateja wetu wakawa wanahamia kwake mmoja mmoja. Mimi nilitaka ile kamera. Niliwaza simu itakuwa ya Mama Jumapili, siku nyingine itakuwa yangu. Kwa ajili ya picha za magauni, Dada. Na siku ile Mama alikuwa bado anaona. Asubuhi yake aliniangalia akaniambia kifungo cha blauzi yangu kimelegea.

Sijapiga picha ya gauni hata moja. Mama sijamweleza, kwa sababu nikimweleza atanisamehe papo hapo, na mimi sitaki kusamehewa upesi namna hiyo. Wewe nitukane ukitaka. Ukinyamaza miezi, nitaelewa. Niliona tu siwezi kukuacha uendelee kunishukuru kila Jumapili.

Ombi langu ni moja. Kama kuna njia yoyote ya kupata ruhusa, mlete mtoto amshike Bibi yake, naye amshike uso. Mpaka siku hiyo, ukipiga, usimwonyeshe kwamba unajua, ametumia nguvu nyingi kukufurahisha. Wala usimhimize mtoto aonyeshe vitu. Mwache aongee tu, hata kama Kiswahili chake kinateleza. Akianza kuongea, Mama husimamisha kila kitu, hata kikombe hubaki njiani.

Msalimie sana shemeji, na mtoto mbusu mashavu yote mawili kwa niaba yangu. Hapa ninapoandika Mama amekaa pembeni yangu, ameniuliza naandika nini. Nimemwambia ni vipimo vya mteja. Amesema niandike vizuri, nisije nikakosea mtu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba