Mkoromo wa Trekta

Dada mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini kazi haijakumaliza na kile kiuno kimetulia. Sisi huku tu wazima kiasi. Mwanao anakusalimu, jino la mbele limeng'oka, sasa anapiga mluzi hata asipotaka. Nakuandikia kwa sababu fomu ya hospitali iliyomo kwenye bahasha inataka sahihi ya mzazi, na kwa sababu kwenye simu nisingefika mwisho.

Mwezi uliopita mwalimu wake aliniita. Alisema mtoto analala darasani hadi kalamu inamdondoka, akaniuliza kwa upole kama namwacha akeshe na televisheni. Niliona haya, maana saa mbili huwa yuko kitandani. Niliporudi nilimgombeza, eti ananiaibisha. Alinisikiliza mdomo wazi, kama kawaida yake, na hata hilo nikamgombezea.

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyetutuma kwa daktari wa masikio, pua na koo, mama mmoja mwenye sauti ya chini. Alimmulika kooni, akasema mafindofindo yanakaribia kugusana. Akauliza anakoromaje. Nikampa simu asikilize ile rekodi yetu ya Trekta, kama tulivyomwita kwa kukoroma kwake, ya Jumapili mchana kwenye kochi, ambayo Mjomba aliifanya mlio wa simu yake. Nilidhani atatabasamu.

Alitazama saa ya mkononi. Akairudia rekodi mara tatu. Kisha akaniambia kwamba pale mkoromo unapokatika, mtoto amekosa hewa, na ule mlio unaotuchekesha ni yeye akiipigania. Alihesabu sekunde kumi na moja. Tulilazwa usiku mmoja apimwe, na kidude kidoleni, wakathibitisha kwamba pumzi hukatika hivyo mara nyingi kila saa. Ndiyo maana anaamka amechoka. Wanataka kuyatoa mafindofindo pamoja na nyama ya nyuma ya pua. Daktari anasema watoto wengi hulala vizuri baada ya hapo.

Dada, kuna jambo sijamwambia mtu. Siku ile ya kurekodi nilikuwa nimepiga magoti karibu naye. Niliona kifua kinavuta, kinavuta, na hakuna sauti. Niliogopa. Ningeweza kumgeuza. Nikaziba mdomo wangu nikasubiri, kwa sababu nilijua mlio utakaofuata utawachekesha wote nyumbani. Ukisikiliza mwisho, kicheko ni changu. Daktari alikisikia. Tulipotoka mwanao aliniuliza, “Mama mdogo, mbona daktari hakucheka?” Nilimbeba hadi kituoni, na uzito wake wote ule.

Trekta hatumwiti tena. Mjomba amebadilisha mlio bila kuambiwa. Mimi nalala sakafuni kando ya kitanda chake, mkono wangu juu ya kifua chake.

Msalimie shemeji na wote walioko huko. Una haki ya kunikasirikia, na nitakusikiliza yote. Ila sahihi kwanza.

Ni mimi, mdogo wako.