Bastola ya Mzee Sudi

Mjukuu wangu Ayubu,

Huku Iyula tu wazima, na goti la bibi yako limetulia. Unasema umewakuta mtandaoni wenye bastola wakibishana kwamba zile za zamani, zenye silinda ya kuzunguka, zimepitwa na wakati. Wanaozidharau hawajaona nilichokiona!

Ilikuwa enzi za ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa milango, kila kipya kikisifiwa kabla hakijajaribiwa. Mzee Sudi, msafirishaji wa Tunduma, alimiliki kwa kibali bastola ya namna hiyo, iliyonizidi umri. Jirani yetu Simkonda alikuwa na mpya, ya magazini.

"Mzee, hilo dude lipeleke kwa mhunzi likawe jembe," Simkonda alimtania Sudi alipokuja kwangu kupakia kahawa.

"Lako linang'aa, mwanangu. Langu likiitwa linaitika."

Mara mbwa mwenye kichaa akaingia uani, akaelekea vichanjani, ambako binti yangu mdogo alikuwa akichambua kahawa. Simkonda akafyatua, akakosa, ganda la risasi likanasa ndani ya bastola yake. Sudi naye akafyatua: tik! Risasi yake ilikuwa mbovu. Alichofanya ni kuvuta kifyatulio tena tu. Silinda ikajizungusha yenyewe hadi risasi iliyofuata, bastola ikalia, na mbwa akaanguka.

"Risasi ilikataa, chuma hakikukataa," Sudi alisema. Kisha akaiweka bastola kando, akambeba binti yangu hadi kwa mama yake. Nikastaajabia chuma, nikamstaajabia zaidi mwenye chuma.

Basi usinitake niwe mwamuzi wa haki katika ubishi huo. Binti yule ni mama yako.

Babu yako