Moeroa Hana Kichwa Kigumu

Nyumba ya Mzee Tutai,
Kijiji cha Vaipuna,
Visiwa vya Cook.

3 Septemba 2018

Mpendwa Dada Tepaeru,

Kia orana, dada yangu. Naomba barua hii ikukute u mzima, na baridi ya Auckland iwe imeanza kupunguza makali. Mgongo unaendeleaje? Bado unawainua wale wazee peke yako, au wamekupa mwenzako wa zamu? Usinifiche. Na yule jirani yako Msamoa anayekuletea chakula ukichelewa kazini, mwambie huku anaombewa kwa jina.

Sisi hatujambo. Goti linamsumbua Baba asubuhi, lakini jua likishapanda anashuka mwenyewe kwenye majimbi yake na ole wako ujitolee kumsaidia. Nguruwe mweusi amezaa. Kanisa limepakwa rangi ya buluu, na kwa ajili ya buluu hiyo nusu ya kijiji haisemi na nusu ya pili.

Sikupiga simu kwa sababu simu ya nyumba hii unaijua: ukisema neno moja, watu watano wanalijibu. Nataka hili ulisome taratibu, umekaa. Linamhusu mwanao Moeroa. Limeanza vibaya na limeishia pazuri, nakuambia mapema ili usiruke kurasa.

Unajua kwamba mwaka huu nilipewa masomo matatu, darasa la kwanza hadi la sita: ngoma na maigizo, kompyuta, na michezo. Nilipewa kwa sababu hakuna mwingine aliyeyataka. Wenzangu wananiita Mwalimu wa Mapumziko. Waache wacheke. Wao wanawaona watoto wameketi. Mimi nawaona wakikimbia, wakicheza ngoma na wakihangaika na mashine. Mtoto mmoja ninamtazama kwa namna tatu, na ndiyo maana hili nimeliona mimi.

Nianze na michezo. Tunapokimbia ufukweni nasimama mwisho wa mstari na kupaza sauti, "Tayari, nendeni!" Moeroa siku zote alikuwa wa mwisho kuanza. Wengine wameshatimka, yeye ndiyo kwanza anawatazama miguu. Halafu anawapita karibu wote! Rongo, mtoto wa fundi seremala, kinywa chake hakina breki. "Mwalimu, Moeroa anasubiri kadi ya mwaliko!" Darasa zima chali kwa kicheko. Moeroa naye alicheka, kwa kuwa aliona wenzake wanacheka.

Kwenye ngoma ikawa vivyo hivyo. Kiuno anacho, dada, kiuno chako kile kile, na mikono yake inasema kila kitu. Lakini alikuwa nyuma ya wenzake kidogo tu, kama kivuli kilichokawia kumfuata mwenyewe, na macho hayamtoki msichana wa pembeni. Nikamweka mstari wa mbele ili nimwone vizuri. Akasimama tuli kama mlingoti. Mwalimu Teupoko wa darasa lao, yule mrefu uliyesoma naye, alikuwa mlangoni. Akatikisa kichwa.

"Si nilikwambia? Mtoto wa dada yako ana kichwa kigumu. Nikimwita haitiki, nikimwuliza ananikodolea macho. Mwakani atarudia darasa la nne, labda atalainika."

Lakini kwenye kompyuta hana mpinzani. Tunazo kumi, nne kati ya hizo zimeliwa na chumvi ya bahari na zinawaka zikipenda. Nimewafundisha kumwongoza kaa wa kuchorwa kwenye kioo cha kompyuta kwa kumwandikia amri: nenda mbele, geuka kulia, rudia. Maelekezo yote yako mbele yao, yameandikwa. Moeroa anamaliza wa kwanza, kisha anazunguka kuwatoa wenzake matopeni, Rongo akiwa wa kwanza kunasa. Nikajiuliza, kichwa kigumu gani hiki, kinacholainika kompyuta ikiwashwa na kugeuka jiwe ikizimwa?

Jibu lililetwa na mvua. Ilikuwa kipindi cha michezo, mwezi wa Juni, ikashuka mvua ya kuvunja matawi tukakimbilia ukumbini. Unaukumbuka ukumbi ule, sakafu ya mbao na paa la bati. Kelele ilikuwa kubwa kiasi kwamba nilifumbua mdomo na sikujisikia mwenyewe. Watoto arobaini wananitazama, hawana la kufanya. Basi nikaanza kuwaongoza kwa mikono: huku, kule, chini, ruka, ganda! Wote wakaduwaa, wanagongana kama mbuzi sokoni. Isipokuwa mmoja. Moeroa alikuwa wa kwanza kila mara, kushoto, kulia, chini, mpaka wenzake wakaanza kumwiga yeye. Uso wake, Tepaeru! Sikuwahi kumwona anang'aa hivyo shuleni.

Nikasimama katikati ya kelele ile nikang'amua jambo. Wakati hakuna anayesikia, Moeroa ndiye bora kuliko wote.

Mvua ilipopungua nikamwendea kwa nyuma nikasema kwa sauti ya kawaida, "Moeroa, nani anataka maandazi?" Watoto watatu wa mbali wakageuka. Yeye hakugeuka. Nikapiga mguu kwenye mbao. Akageuka papo hapo.

Siku ile sikumrudisha darasani. Niliketi naye kwenye kompyuta nikamwandikia: Ukiwa darasani, unamsikia mwalimu? Akaandika: Akinitazama. Nikaandika: Na Mama akipiga simu? Akafikiri sana, vidole juu ya herufi. Akaandika: Kama mtu anaongea chini ya maji.

Nikamwuliza kwa nini hakutuambia. Alichoandika nakinakili kama kilivyo: Nilidhani kila mtu anasikia hivyo, ila nyinyi ni hodari wa kubahatisha.

Sasa, dada, nakuja kwenye lile linalokuliza. Krismasi uliniambia kwamba mtoto amekususa. Kwamba kila Jumapili anasema "Ndiyo, Mama" mara mbili, anamkabidhi babu yake simu, anatoka nje. Ulisema huo ndio mshahara wa mama aliyemwacha mtoto akaenda kuosha wazee wa watu. Futa hilo moyoni. Hakukususa hata siku moja. Alikuwa akibahatisha mahali pa kusema ndiyo.

Kumwambia Baba ndio ulikuwa mlima. Unamjua, shemasi na mpiga ngoma, mtu aliyezoea kuitikiwa. Kwa kuwa Moeroa haitiki anapoitwa, alikuwa amemwadhibu: hatacheza kwenye onyesho la shule, basi. Nilimkuta kibarazani anakuna nazi.

"Akaiti, wewe na mashine zako," akasema. "Mtoto huyu anasikia anapotaka. Fungua kopo la biskuti uone."

"Baba, anauona mkono wako ukienda kabatini."

"Na kanisani? Mbona anaimba?"

"Anafumbua mdomo. Umewahi kumsogelea ukasikiliza anachoimba?"

Akakaza kukuna nazi yake. Moeroa alikuwa uani, ametupa mgongo, ameinama anachambua nyasi kutoka kwenye maua ya tiare ya marehemu mama. Kuku walikuwa wamemzunguka. Nikamwambia Baba, "Mwite. Usifoke. Mwite kama unavyoniita mimi."

Akaita, "Moeroa, mjukuu wangu, twende tukavue pweza."

Kuku wote wakainua vichwa. Moeroa hakuinua.

Akaita tena, kwa nguvu zaidi. Kuku wakaanza kumjia Baba mbio wakidhani ni chakula. Moeroa akaendelea kuchambua nyasi zake, polepole, kwa utulivu wake. Na pweza, dada, unajua mtoto yule anavyopenda kuvua pweza.

Baba akaiweka nazi chini. Alishuka ngazi kwa goti lile bovu, akazunguka mpaka mbele ya mtoto, akachuchumaa na mfupa ukalia. Akamsemesha uso kwa uso, "Pweza. Twende?" Moeroa akaruka kama kamba wa mtoni. Wakaondoka wameshikana mikono. Baba hakunitazama, wala sikuhitaji anitazame. Niliinua ile nazi nikamalizia kuikuna, machozi yananidondoka kwenye bakuli kama mjinga.

Muuguzi wetu alimtazama masikio kesho yake na hakupoteza muda. Mwezi wa Julai nilipanda naye ndege hadi Rarotonga, kwa daktari wa masikio anayekuja kwa zamu. Usiogope kusoma sehemu hii. Kuna maji mazito yamejaa nyuma ya viwambo vya masikio yote mawili, kutokana na zile homa za utotoni zilizokuwa zikirudi rudi. Yanatolewa kwa upasuaji mdogo, mtoto analala na kuamka siku ile ile. Sikio la kulia litarudi karibu lote. La kushoto limedhurika zaidi, na daktari anasema huenda likahitaji kifaa cha kusikilizia. Nilimwuliza kama ni kosa la mtu. Akasema visiwani kote anakutana na watoto wa namna hii, na wengi hugunduliwa wakiwa wamechelewa kuliko Moeroa.

Daktari atarudi wiki ya pili ya Oktoba na nafasi yake tumeshaiomba. Kinachobaki ni wewe mama yake kukubali. Mimi ninasema ukubali, na silisemi kwa kusitasita.

Shuleni nako mambo yamegeuka. Nilimwendea Mwalimu Teupoko nikijiandaa kwa vita, kumbe vita havikuwepo. Alinisikiliza, akaweka mkono usoni, akasema tu, "Na mimi nafundisha nikiandika ubaoni, nimewapa kisogo." Kesho yake meza ya Moeroa ilikuwa mbele. Habari ya kurudia darasa haijatajwa tena. Na mwalimu akijisahau akaugeukia ubao huku anaongea, Rongo yuko macho: "Mwalimu, geuka! Moeroa hasikii kwa mgongo wako!" Nadhani Teupoko anamwogopa Rongo sasa kuliko mkaguzi.

Onyesho lilikuwa Ijumaa iliyopita, ukumbini mle mle. Baba ndiye aliyekwenda kwa mwalimu mkuu kuomba apige ngoma, yeye ambaye tangu mama afariki hakuwahi kupiga nje ya kanisa. Nilikuwa nimezipanga ngoma juu ya vigoda vyake, kama ipasavyo. Baba akaja na ngoma yake kubwa, akavisukuma vigoda pembeni kwa mguu, akailaza ngoma juu ya mbao zenyewe watakazokanyaga watoto.

"Sauti itafifia, Baba," nikamnong'oneza.

"Itafifia kwa nani?" akanijibu. "Wewe kaa na watoto wako."

Watoto wakaingia peku, na mataji ya maua kichwani. Moeroa mstari wa mbele, katikati. Baba akainama, akapiga. Niliyaona mawimbi ya ngoma ile yakipanda kutoka nyayo za mwanao mpaka magotini mpaka kiunoni, na safari hii hakumtazama mtu wa pembeni. Alitazama mbele, kidevu juu, kama mwenye nyumba. Hakuwa nyuma ya wenzake hata kwa unywele. Unajua ngoma zetu zinavyokatika ghafla, na mchezaji abaki ameganda. Baba aliikata pale ambapo hata mimi sikutazamia. Watoto kadhaa wakapitiliza, Rongo akapitiliza kabisa mpaka akaanguka juu ya mapaja ya mke wa mchungaji. Moeroa aliganda na mlio wa mwisho, mikono hewani, akitabasamu.

Watu walipiga kelele mpaka bati likaitika. Akina mama walipanda jukwaani kucheza naye na kumvisha maua mpaka pua ikapotea. Baba alijifanya anatafuta kijiti kilichoanguka chini ya kiti, na alikitafuta kwa muda mrefu sana kwa mtu aliyekuwa amekishika mkononi.

Kwa hiyo omba ruhusa kazini, dada. Omba sasa, usingoje. Tutakutana Rarotonga kwa shangazi, utakuwepo wakati mtoto anaamka, kisha tutapanda wote kuja nyumbani. Baba ameanza kubadilisha mbao za chumba chako cha zamani. Anasema ni kwa ajili ya mchwa. Mimi sijaona mchwa.

Nimpe Moeroa salamu zako? Ameshazidai. Naye anazo zake: amekuandikia mwenyewe kwenye kompyuta, ukurasa mzima, nitautia kwenye bahasha hii, na mambo mengi ndani yake ni kuhusu pweza. Lakini jana tukirudi kutoka ufukweni alinivuta mkono, akanigeuza nimtazame, akaniuliza kama bado unaimba ukiwa unakuna nazi. Nikamwambia hilo mimi simjibu. Oktoba ataketi jikoni, alisikie mwenyewe.

Baba anakusalimu na kusema uvae sweta. Mama Ngapoko wa kwaya anakusalimu, na Mwalimu Teupoko pia, kwa unyenyekevu ambao hutauamini. Nisalimie binamu yetu Tangi na watoto wake, na yule jirani Msamoa.

Mungu aliyekupeleka salama akurudishe salama, na bahari yote iliyo katikati yetu ailaze kama mkeka.

Mdogo wako anayekupenda na kukungojea uwanja wa ndege,

Akaiti