Hatua ya Sita

Jumatatu, 3 Machi

Fundi Mkuu wa mradi wetu kaniletea ujumbe wa mistari miwili. Toleo jipya la programu yetu ya maktaba linatoka mwisho wa mwezi — bila mwongozo. Anasema hausomwi. Ushahidi anao: watu arobaini na mmoja wameandika kwenye jukwaa letu la mtandaoni kitu kilekile, kwamba wamekwama hatua ya sita.

Miaka mitatu ya jasho langu! Programu ni ya bure, msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi kwa kila mtu, na sote tunajitolea. Wenzangu wanaandika msimbo. Mimi, mkutubi wa shule, naandika maelezo ya kuitumia, kila siku baada ya kengele ya mwisho, kwenye meza iliyo nyuma ya rafu za jiografia. Na hao arobaini na mmoja niliwajibu wote: soma hatua ya sita tena. Wa mwisho nilimwandikia kwa herufi nzito. Sasa mtu asiposoma, kosa la mwandishi?

Nimelia kidogo chooni. Kisha nikanawa uso, nikafunga maktaba.

Jumanne, 4 Machi

Nimembembeleza Fundi Mkuu. Sura yake siijui, namjua kwa maandishi, na maandishi yake hayana hata salamu. Amekubali jaribio moja. Mtu asiyeijua programu aisakinishe kwenye kompyuta, Jumamosi, kwa kufuata mwongozo peke yake, naye atasikiliza kwa simu. Mtu huyo akifika mwisho, mwongozo unabaki. Sharti: mimi nikifungua mdomo, jaribio limekwisha.

Mimi! Ninayeongea hata na muhuri wa maktaba.

Jumatano, 5 Machi

Mtu nimempata: wifi yangu, mshonaji. Nilimkuta kwenye cherehani, pini mdomoni. Nilikwenda na maneno yangu matamu yote, hayakuhitajika. Alitoa pini moja moja, akauliza kama ni kweli nitanyamaza saa nzima. Nikasema ndiyo. Basi anakuja, akasema, na laiti sebule ingekuwa kubwa angealika ukoo mzima.

Nimemchagua kwa sababu hakisii. Ukimwambia kata hapa, anakata hapo hapo.

Mume wangu atakuwa nje anaosha baiskeli. Kati ya dada yake na mke wake, anasema, mwenye akili hukaa uani.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeupitia mwongozo wote kwenye kompyuta yangu. Kila hatua inakwenda. Hata ya sita: "Ingia kwa jina lako na nywila yako." Nimeingia mara nane! Ni kama kunywa maji. Wale arobaini na mmoja — mwenye macho haambiwi tazama.

Ila nimehesabu neno "tu". Bonyeza tu. Subiri tu. Thelathini na nane! Nimeyafuta yote. Mtu aliyekwama akiambiwa "bonyeza tu" anajiona mjinga. Hilo nimelijua leo, mtu mzima mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Saa nne asubuhi, sebuleni. Kompyuta ni ya mume wangu, haijawahi kuiona programu hii. Simu iko mezani, Fundi Mkuu anasikiliza. Naandika hapa kwa kuwa kusema siruhusiwi.

Hatua ya kwanza hadi ya tano, mteremko. Wifi anasoma kila mstari kwa sauti, kidole kwenye kioo.

Ya sita. Anaandika jina lake. Imekataa. Anaongeza la baba. Imekataa. Anasema kwa utulivu: "Wifi, mashine inasema hainijui. Ndiyo kwanza nimefika. Hiyo nywila ningepewa na nani?"

Mungu wangu.

Mimi nilijisajili miaka mitatu iliyopita. Mara moja! Kompyuta yangu inanijua tangu siku ile, kwa hiyo hatua ya kujisajili sikuiandika kabisa. Nyani haoni kundule. Watu arobaini na mmoja wamebisha hodi, nami nikawaambia wausome mlango. Aibu mpaka masikio yanawaka. Kitufe najua kilipo. Nimeshika ulimi kwa vidole — kweli kabisa, kwa vidole. Wifi ananitazama, anacheka mpaka machozi.

Dakika kumi na mbili. Anapekua kioo kama anayetafuta sindano iliyoanguka. Amekiona! Chini kulia, maandishi madogo ya kijivu: "Sajili mtumiaji wa kwanza." Amejisajili. Ameingia.

Lakini haendi ya saba. Amerudi kwenye mwongozo, anashuka mpaka mwisho wa ukurasa, kwenye kitufe cha "Hariri". Kila ukurasa unacho, na yeyote anaruhusiwa kurekebisha. Miaka mitatu hakuna aliyekigusa ila mimi. Amekibonyeza.

Simu inauliza mbona kimya, amekwama?

Siwezi kujibu. Wifi anaandika kwa kidole kimoja. Namchungulia begani: "Kabla ya hatua ya sita. Wewe ni mgeni, mashine haikujui bado, usijilaumu. Angalia chini kulia." Usijilaumu. Kurasa zangu ni sitini, na neno hilo halimo hata mara moja.

Fundi Mkuu anauliza tena. Safari hii ameniita dada. Wifi anamwambia asubiri, hajamaliza. Yuko sentensi ya nne.