Beti ya Babu Niliyoishona Mimi

Kibwana, mtoto wa mjomba wangu,

Barua hii sikuitia gundi. Nimeikunja tu na kumpa muuza samaki anayekuja huko kwenu Mwananyamala, nikamwambia asome njiani akipenda, na akikutana na mwingine ajuaye kusoma ampe naye aone. Mwandiko utawatesa kidogo, maana mie shuleni nilikuwa nakaa karibu na dirisha, na nje kulikuwa na mambo mengi. Lakini utasomeka.

Nasikia meno yamekuisha yote. Alhamdulillahi. Leo utanisikiliza bila kunikatiza.

Ulimtuma mtu aniulize mbona binamu amekuwa mzito siku hizi, hana mzaha tena. Nakujibu. Lakini kwanza nataka ukumbuke lile gobori la babu, maana najua ukilitazama hapo ukutani kwako unakumbuka mengine. Mie namkumbuka babu amechuchumaa kwenye mihogo yetu hapa Mtoni, anamimina baruti mdomoni mwa bomba, anashindilia kwa mdeki, anatia risasi, anashindilia tena, na nguruwe wakati huo anamtazama tu, anatafuna. Likilia, moshi unatufunika sote. Moshi ukiondoka, nguruwe naye amekwishaondoka, kwa miguu yake mwenyewe, polepole. Babu anasema, "Huyo amekwenda kufia mbali." Wewe unaniminya ubavu, mie nakuminya wewe, kicheko kinatutoka, na babu anatukimbiza na mdeki mpaka barabara ya Kilwa. Siku zile ulikuwa mtu wangu, Kibwana. Sikuwa na mwingine.

Unakumbuka pia alivyokuwa akisema: "Gobori litamfuata mwenye beti. Nitakayempa beti kwa mkono wangu, huyo ndiye." Beti ile, mkoba wake wa ngozi wa kutilia risasi na fataki, ilikuwa haimtoki begani. Alikuwa akilala nayo. Bibi alikuwa akisema ameolewa na watu wawili.

Sasa nawaambia na hao wanaosoma, kwa sababu wewe unajua. Mwezi mmoja kabla ya kufa, babu alinipa mie ile beti. Alinipa kwa mkono wake, akasema, "Itazame hii, inaachia mshono." Alikuwa ananipa niishone au ananipa iwe yangu? Sikumuuliza, mie mpumbavu. Nikaitundika nyumbani nikingoja nipate ngozi. Mchwa hawakungoja. Nilipoishika tena ilibaki kamba na harufu. Na babu siku hiyo hiyo akashikwa na homa ambayo hakuinuka nayo. Tulipokwisha kumzika nilikuja kwako mbio, na wewe peke yako ndiye niliyekwambia. Ukanishika bega, ukasema, "Usimwambie mtu, binamu. Tengeneza nyingine kama ile ile. Siku ya arobaini tusimtie aibu marehemu, gobori lake likakaa uchi mbele za watu."

Maneno matamu yale. Nikaingia kazini.

Nilitafuta ngozi ya funo, yule paa mdogo wa msituni, kwa sababu ya babu ilikuwa ya funo. Ulikuja umenunua uzi dukani kwa Mhindi, nikakutupia. Nilikwambia babu aliishona ile kabla duka hilo halijafunguliwa, nami nitashona kwa ukano wa mnyama kama alivyoshona yeye. Nikatoboa tundu kwa msumari niliounoa, moja moja. Kifuniko nikakiachia manyoya nje, yakitazama chini, mvua iteleze isiingie kwenye fataki. Ndani nikagawa sehemu mbili, kubwa ya risasi, na ndogo ya fataki, na mahali pa kuchomeka kikopo cha mwanzi cha kupimia baruti na pa kusokomeza makumbi ya nazi ya kuzibia. Na kwa kuwa babu alikuwa wa mkono wa kushoto, kila kitu nikakigeuza. Mara mbili nilikosea nikafumua. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kinu unatafuna hindi la kuchoma na kusema, "Nani atakayetazama huko ndani?"

Halafu ukasema inang'aa mno, ifanye ya zamani. Nikaitundika juu ya moshi wa jikoni siku kumi. Nikaipaka masizi na mafuta ya nyonyo. Nikaivaa kwapani nikilima, ikanywa jasho langu, mpaka mke wangu akasema, "Leo chagua, ulale na mimi au na huyo beberu wako." Ilipokuwa tayari ukasema niilete kwako ikae, kwangu kuna mchwa. Nikakupa. Kwa mkono wangu.

Siku ya arobaini mie nilikuwa nimekwishaanza kazi yangu ya mtani tangu asubuhi. Nilijilaza kwenye kitanda cha marehemu nikidai nipewe chai. Nilimwigiza babu na nguruwe wake, wafiwa wakacheka huku wanalia. Ndiyo kazi ya mtani, na wewe na mie, watoto wa shangazi na mjomba, tulikuwa watani tangu tumboni. Ndipo wazee wakauliza, "Beti iko kwa nani?"

Ukasimama wewe. Ukasema, "Ninayo mimi. Babu alinipa kwa mkono wake."

Nilidhani unatania. Wallahi, nilikuwa tayari kucheka.

Mzee mmoja, rafiki wa babu tangu ujana wao, akaichukua. Akaingiza mkono wa kushoto, vidole vikaenda moja kwa moja kwenye fataki bila kutazama. Akainusa. Machozi yakamtoka. Akasema, "Ndiyo hii. Huyu ni yeye." Na hapa nakiri, Kibwana, niliiba dakika moja ya furaha. Mzee analia kwa kazi ya mikono yangu! Nilitabasamu kama bwana harusi. Nilipozinduka, gobori limekwisha kuwa mapajani pako.

Nikasimama nikapiga kelele, "Jamani, beti hiyo nimeishona mie!"

Watu wakaanguka kwa kicheko. "Huyu mtani leo amezidi!" Nikaapa. Wakashika mbavu. Nikalia kweli, machozi kweli, akina mama wakanipigia vigelegele, mmoja akasema, "Anajua kulia huyu, kama kafiwa!" Wakaniletea sahani ya pilau, haki ya mtani. Ukimwacha mke wangu, ambaye neno lake nalo lilihesabiwa utani kama langu, katika watu wote wale waliojaa uani alikuwapo mmoja tu aliyejua kwamba sitanii. Nikakutazama. Nawe ukacheka kuliko wote, ukasema, "Mwongezeni nyama huyo, anyamaze!"

Waliniongeza. Nilikula. Nilikuwa na njaa, nisikufiche.

Ukaandikiwa gobori kwa jina lako bomani, ukahama nalo. Nguruwe wamekula mihogo yangu mpaka wamenizoea. Hilo nimesamehe, maana wangeikula hata ningekuwa nalo. Lakini tangu siku ile, kila nikisema neno la kweli hapa Mtoni watu wanangoja nicheke. Nilisema nyumba ya jirani inaungua, wakaniambia, "Acha utani."

Ndiyo maana mwaka jana, tulipomzika mama yangu, ulipojilaza mlangoni ukasema shangazi yako hatoki mpaka mtani alipwe, sikukumwagia maji wala sikukuvuta mguu. Nilisema, "Shikamoo, bwana. Tafadhali tupishe." Ukaniangalia. Ukainuka, ukajipangusa mchanga, ukasimama kando na kofia yako mkononi. Nilikuona. Nami iliniuma, usifikiri haikuniuma.

Gobori kaa nalo. Lina kutu, macho yangu hayaoni nguruwe, na nguruwe hawaogopi. Nataka uje Ijumaa yoyote, watu wakitoka msikitini, usimame pale nje useme: beti ile aliishona binamu yangu, si babu. Uwaambie hivyo bila kucheka. Wazee walioiona wamebaki watatu, kwa hiyo usichelewe.

Ukishasema, kaa mkao wa kutukanwa. Nina matusi ya miaka thelathini nimekuwekea, mengine ni mazuri sana, na sina mwingine wa kumpa.

Ni mimi,
mtoto wa shangazi yako, Mtoni